Kipaza Sauti ni Kipi? Lugha ya Watundu wa Elektroniki na Somo Lake kwa Uundaji wa Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi uliozoea kusikia habari za fasihi simulizi, historia ya lahaja na sarufi ya vitenzi. Nimechagua kuzungumzia watu wanaofungua redio, amplifaya na kompyuta ndogo za bodi moja, wakavibadilisha vifaa hivyo ili vifanye kazi vizuri kuliko vilivyotoka kiwandani. Nimewachagua kwa sababu ya kiisimu. Mtu anayekitumia kifaa huhitaji jina moja tu, nalo ni jina la kifaa chenyewe. Mtu anayekifungua huhitaji jina la kila kilichomo ndani, na huhitaji majina hayo yasigongane. Kwa hiyo, tukitaka kupima kama istilahi zetu zinafanya kazi, hatuna budi kuzipeleka mezani pa mtu aliyeshika bisibisi.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba istilahi hudumu inapotimiza masharti mawili: ifike pamoja na kitu inachokitaja, na itenganishe yale ambayo mkono wa mtendaji huyatenganisha. Asili ya neno, liwe la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza, huja baada ya masharti hayo. Mara nyingi sisi wanaisimu tumeanza na asili, na ndiyo maana baadhi ya maneno tuliyoyaunda kwa juhudi kubwa yamebaki katika kurasa za kamusi.

2.0 Fundi na Mtundu

Kiswahili kina neno fundi kwa mtu anayetengeneza vifaa vya watu kwa malipo. Mtu anayefungua kifaa chake mwenyewe, kisicho na ubovu wowote, kwa hamu ya kukiboresha, humwita mtundu. Maana ya kwanza ya neno hili ni mtoto asiyetulia, anayegusa asivyoruhusiwa kugusa. Lakini mzazi anaposema, "Mtoto huyu mtundu, kaifungua redio yangu na kuirudisha," ndani ya kauli hiyo mna lawama na fahari kwa pamoja. Utundu, basi, ni usumbufu na ni ubunifu. Jirani yake, mchokonozi, hana fahari hiyo, kwani kuchokonoa aghalabu huishia katika kuharibu.

Fundi na mtundu hawaishi mbalimbali; mafundi wengi walianza kwa utundu. Chanzo cha kizazi chao katika nchi zetu ni redio ya transista. Transista ilibuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, na redio ndogo za transista zikaanza kuuzwa huko mwaka 1954. Zilipoenea katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, hazikuhitaji umeme wa ukutani, betri zilitosha. Pamoja nazo yalienea maneno kama spika, swichi, betri, fyuzi na waya.

Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa na mwanafunzi yeyote wa mofolojia. Wazungumzaji walipolipokea neno waya, walisikia mwanzoni mwake sauti inayofanana na ile ya nomino za umoja kama wayo na wakati. Wakalipa wingi wake: waya mmoja, nyaya mbili, kama vile wayo mmoja na nyayo mbili. Hakuna kamati iliyoagiza hivyo. Sarufi yenyewe ilifanya kazi yake kinywani mwa watu waliokuwa na nyaya nyingi mbele yao na walihitaji kuzihesabu.

3.0 Kompyuta ya Bodi Moja

Mtundu wa leo ana kifaa kipya mezani. Tarehe 29 Februari 2012 iliuzwa kwa mara ya kwanza, nchini Uingereza, kompyuta iitwayo Raspberry Pi. Bodi yake haizidi sana ukubwa wa kadi ya benki, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 35 za Marekani. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliibuni kwa sababu waliona kwamba vijana walioomba kusomea kompyuta walikuwa wakipungua, na waliokuja walikuwa na uzoefu mdogo wa kuzichezea kwa mikono yao. Kwa maneno mengine, walikuwa wakitafuta watundu.

Waliopatikana ni wengi kuliko ilivyotarajiwa, na si wanafunzi tu. Hata huku kwetu, zipo shule za sekondari, kwa mfano za wilayani Karatu nchini Tanzania, zilizofungiwa kompyuta hizi zikitumia umeme wa jua, kwa kuwa hula umeme kidogo. Lakini matumizi yanayotuhusu leo ni ya nyumbani: kuigeuza bodi hiyo kuwa chombo cha kupigia muziki.

Muziki katika sahani ya CD huhifadhiwa kama namba: vipimo 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande wa kushoto na kulia, na kila kipimo kina biti 16, yaani uwezekano wa ngazi 65,536. Ili tuusikie, namba hizo lazima zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo uisukume spika. Bodi za mwanzo zilifanya kazi hiyo kwa njia ya mkato, kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, bila kigeuzi maalumu. Sauti ilitoka, lakini sikio zuri lilisikia upungufu. Watundu wakapachika juu ya bodi kibodi kingine chenye kigeuzi bora, kwa kutumia safu ya pini ambazo tangu mwaka 2014 zimekuwa 40. Toleo la tano, lililotoka mwaka 2023, halina kabisa tundu la sauti la kuchomekea visikizio. Kazi hiyo sasa imeachiwa vifaa vya kuongezwa. Mtundu huunganisha kigeuzi chake na amplifaya ya zamani, pengine ya miaka ya 1970 iliyokuwa ikiliwa na vumbi sebuleni kwa mzee wake, na nyumba nzima ikapata muziki.

Hebu sasa tujaribu kuifundisha kazi hiyo kwa Kiswahili, tuone tunakwama wapi.

4.0 Maneno Mezani

4.1 Kipaza sauti

Paza ni kitenzi cha kusababisha kinachotokana na paa: kukifanya kitu kipae. Kipaza sauti, basi, ni chombo kinachoipandisha sauti. Neno ni zuri, linaeleweka na limeundwa kwa kanuni. Lakini tunasema mhubiri "ameshika kipaza sauti", na hapo ni maikrofoni. Tunasema "vipaza sauti vimefungwa juu ya mti", na hapo ni spika. Aidha, sanduku lililo katikati, linalopokea umeme dhaifu na kuutoa ukiwa na nguvu, nalo huitwa vivyo hivyo. Vyombo vitatu vina jina moja, kwa sababu jina limetolewa kwa kutazama lengo la mnyororo mzima.

Kwa msikilizaji aliyekaa kiwanjani hakuna tatizo. Kwa mtundu, maelekezo yangekuwa hivi: "Unganisha kipaza sauti na kipaza sauti kwa kupitia kipaza sauti." Sentensi hii haina kosa la sarufi, wala haina faida. Ina hata hatari, kwani mtu akipeleka umeme unaotoka kwenye tundu la spika la amplifaya moja hadi kwenye tundu la kuingizia la nyingine, anaweza kuiunguza hiyo ya pili.

Mafundi walikwisha kulitatua jambo hili. Wanasema maiki, amplifaya na spika. Tumezoea kuyaona maneno haya kama dalili ya uvivu au kasumba. Naona kinyume chake. Yaliazimwa kwa sababu neno letu lilikuwa pana mno kwa kazi iliyopo, na leo yanatenganisha kile ambacho mkono hutenganisha. Kipaza sauti kibaki kwa matumizi ya umma. Maikrofoni, amplifaya na spika zihesabiwe kuwa istilahi sanifu kamili, si vibarua wa muda.

4.2 Memori

Nisieleweke vibaya kwamba meza ya fundi haikosei. Neno memori ni ushahidi wa upande wa pili. Katika maduka ya simu na kompyuta, memori ni mahali picha na nyimbo zinapokaa, na memori pia ni ile nafasi ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi na ambayo hufutika umeme ukikatika. Ni vitu viwili vilivyo tofauti kama ghala na meza ya kazi. Ghala likijaa, ongeza ghala. Meza ikiwa ndogo, kuongeza ghala hakusaidii.

Katika Raspberry Pi tofauti hiyo ina gharama. Ghala ni kadi ndogo inayochomekwa na kuchomolewa, na yeyote anaweza kununua kubwa zaidi. Meza ya kazi imeunganishwa na bodi kiwandani, haiongezeki. Toleo la nne lilipotoka mwaka 2019, mnunuzi alitakiwa kuchagua tangu dukani ukubwa anaoutaka. Mtu anayeambiwa "kompyuta yako ni nzito kwa sababu memori ni ndogo" hukimbilia kununua kadi kubwa, na akirudi nyumbani uzito ni uleule. Fedha zake zimepotea kwa sababu ya neno.

Hapa mkopo ndio uliokuwa mpana mno, na Kiswahili kina dawa. Kitenzi hifadhi kimekwisha zoeleka katika programu zilizotafsiriwa, tangu kazi ya kuiweka programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, hadi simu za leo. Basi nomino hifadhi itumike kwa ghala, na kumbukumbu ya kazi itumike kwa meza. "Kadi huongeza hifadhi, haiongezi kumbukumbu ya kazi." Sentensi hiyo ingemwokoa mnunuzi.

4.3 Kulehemu na kuchomelea

Nimesema kwamba kumbukumbu ya kazi imeunganishwa na bodi. Imeunganishwaje? Wengi watasema imechomelewa. Lakini kuchomelea geti la chuma ni kuyeyusha vipande vyenyewe hadi vishikane. Kwenye bodi ya elektroniki, vipande haviyeyuki. Kinachoyeyuka ni madini laini yaliyowekwa katikati yao ili kuvishikanisha. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina neno la siku nyingi: lehemu, ambalo ni nomino na ni kitenzi, lenye asili ya Kiarabu, lililotumiwa na wahunzi wa bati na masonara wa mwambao kabla ya transista kubuniwa.

Mtundu akiambiwa achomelee, anaweza kudhani moto mwingi ndio ufundi, na vijia vyembamba vya shaba vilivyobandikwa kwenye bodi vikabanduka. Akiambiwa alehemu, amepewa kitendo chenye kipimo chake. Hatukuhitaji kuunda neno wala kuazima. Tulihitaji kukumbuka. Naomba wanafunzi wa leksikografia walizingatie hili: sehemu ya msamiati wa teknolojia mpya imo katika ufundi wa kale, nao wazee wanaoujua ufundi huo wanapungua.

4.4 Umeme mdogo

Mfano wa nne nitaupitia kwa ufupi. Fundi husema "umeme mdogo" au "moto mdogo", na kauli hiyo hubeba mambo mawili: volteji, yaani nguvu ya msukumo, na mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita. Raspberry Pi huonyesha alama ya radi kwenye skrini volteji inaposhuka chini ya takriban 4.63. Mwenye kifaa hutazama chaja yake, akaona imeandikwa volti 5, akashangaa. Volti zipo pale chaja inapokuwa haina mzigo. Kilichopungua ni uwezo wa kutoa mkondo, na mkondo unaotakiwa ukiuzidi uwezo huo, volti hushuka. Toleo la tatu lilipendekezewa chaja ya ampia 2.5, na la nne ampia 3, ilhali chaja nyingi za simu za zamani hutoa ampia 1 tu. Mkondo ni neno ambalo mvuvi na mkulima wa bondeni wanalijua tangu utotoni. Linangoja tu kusemwa dukani.

5.0 Pale Kiswahili Kinapotangulia

Hadi hapa nimezungumzia mapengo na namna ya kuyaziba. Kuna uwanja mmoja ambapo Kiswahili hakihitaji msaada wa mtu, nao ni kueleza sauti iliyoharibika. Tazama vitenzi hivi kama vinavyosikika kwa wateja wanaopeleka vifaa vyao kwa fundi:

(a) Inavuma.
(b) Inakwaruza.
(c) Sauti inapasuka.
(d) Imekata.
(e) Inakatakata.

Kila kitenzi humwelekeza fundi mahali tofauti. Mvumo mzito, wa mfululizo, katika amplifaya ya zamani mara nyingi hutokana na kapasita zilizochakaa katika sehemu ya kupokea umeme. Umeme wetu wa ukutani hubadilika mara 50 kwa sekunde. Ukishanyooshwa kuelekea upande mmoja hubaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita ni kuyalainisha. Zikichakaa, mawimbi hupita hadi kwenye spika. Mtundu hubadilisha kapasita hizo, baada ya kuhakikisha hazina umeme uliobaki ndani, kwa maana huuhifadhi hata plagi ikichomolewa. Kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti huashiria vumbi au uchakavu ndani ya kitufe. Sauti kupasuka huashiria amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake, au spika iliyochanika.

Linganisha sasa (d) na (e). Imekata ni hali timilifu: tukio limetokea, limekwisha, na sauti haipo. Fundi ataanza na fyuzi au waya uliokatika. Inakatakata ina uradidi wa shina, na uradidi katika Kiswahili hueleza tendo linalojirudia bila mpango. Fundi ataanza na kiungo kilicholegea au lehemu iliyopata ufa. Mofolojia tunayoifundisha darasani kama orodha ya njeo na hali ni, kwa fundi, nusu ya uchunguzi wa ugonjwa. Mteja asiyejua chochote kuhusu elektroniki amekwisha kutoa taarifa sahihi kwa kuchagua umbo la kitenzi.

6.0 Wakati wa Neno

Turejee kwenye sharti la kwanza, kwamba neno lifike pamoja na kitu. Tunazo istilahi za Kiswahili za kompyuta yenyewe: tarakilishi, inayotumika zaidi Kenya, na ngamizi. Hakuna kosa katika kuziunda. Hata hivyo, zilipotolewa, neno kompyuta lilikuwa limekwisha kaa kinywani, na mtu hakupata kwa neno jipya tofauti yoyote ambayo neno la zamani halikumpa.

Kinyume chake ni king'amuzi. Utangazaji wa televisheni ulipohama kutoka analojia kwenda dijitali, jijini Dar es Salaam ukianza na kuzimwa kwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kila mwenye televisheni ya zamani alihitaji sanduku jipya. Sanduku lilifika na jina lake, kutokana na kitenzi ng'amua, likatajwa katika matangazo, magazeti na maduka kwa wakati mmoja. Jina likashinda.

Kuna anayeweza kusema kuwa lilishinda kwa sababu linaeleweka. Namjibu kwa kishikwambi. Wengi wanaolitumia neno hili hawawezi kuchanganua limeundwaje. Lakini katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na baada ya sensa vingi viligawiwa walimu. Neno liliingia nyumbani likiwa limeshikwa. Uwazi wa maana husaidia. Kufika kwa wakati husaidia zaidi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mabibi na mabwana, suala hili lina uzito kuliko usahihi wa kamusi. Katika shule za sekondari za Tanzania, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana anaweza kufaulu swali la kapasita katika mtihani, kisha akashindwa kuzungumza na fundi wa mtaani kwake ambaye amebadilisha kapasita kwa miaka 30. Fundi naye ana maarifa ambayo hayakuandikwa popote, na akiondoka huondoka nayo. Kati ya wawili hawa kuna lugha moja wanayoishiriki, na hiyo ndiyo lugha ambayo hatujaiwekea vitabu vya kazi. Taasisi zetu hazikulala. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kilichokosekana ni daraja kati ya kamusi na meza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wetu wa uzamili wakusanye msamiati wa mafundi na watundu wa elektroniki mjini na vijijini, wakiandika neno pamoja na kitendo linamotumika, na waanze na wazee. Pili, kila kamati ya istilahi za ufundi iwe na mafundi miongoni mwa wajumbe wake, wenye sauti sawa na wanaisimu. Istilahi isipitishwe kabla ya kutumika katika maelekezo ya kazi halisi, na maelekezo hayo yakileta utata wa aina ya kipaza sauti, irudishwe. Tatu, tuandike vitabu vidogo vya maelekezo kwa Kiswahili: jinsi ya kuondoa mvumo katika amplifaya, jinsi ya kuchagua chaja, jinsi ya kulehemu pini 40 bila kuunguza bodi. Kitabu cha namna hiyo chenye kurasa 20 kitasanifisha maneno mengi kuliko orodha ya maneno 2,000 isiyo na kazi.

Mtundu hakisubiri kibali ili afungue kifaa chake. Ameshakifungua, na anazungumza anapofanya kazi. Wajibu wetu ni kukaa karibu, kusikiliza, kuandika, na pale neno linapomponza, kumpa lililo bora.